Kiungo cha Nabintu

Ernestine alipofika Salamabila alikuwa na njaa ya kweli, ile inayomfanya mtu ashike ukuta anapoinuka. Chakula kilikuwa mbele yake, na hakukigusa. Alikuwa ameketi kwenye benchi ndani ya kibanda cha turubai, tope la safari limemkaukia hadi magotini, na mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge cha kijani alikuwa amemtilia sahani: bugali mwekundu uliochanganywa na mtama, maharagi yaliyopondeka hadi kuwa mchuzi mzito, na visamaki vidogo vilivyokaangwa pamoja na vichwa na macho yake. Magloire, mtoto wa dada yake, ndiye aliyemleta hapo moja kwa moja kutoka kwenye pikipiki. Yeye alikuwa ameshamaliza nusu ya sahani yake.

"Kula, mama mudogo," Magloire alisema kinywa kimejaa. "Hapa Salamabila hakuna mutu anapika kama Mama Nabintu."

"Nitatafuta ndizi. Ile barabara imenichafua tumbo."

Tumbo lake halikuwa na neno. Kilichomshika ni maneno ya dada yake mkubwa, Victorine, mama yake Magloire, waliyoagana nayo kijijini kwao, kando ya njia ya kutoka Kasongo kwenda Nyangwe, mkoani Maniema. Hippolyte, mume wa Ernestine, alikuwa amekufa kwa homa wakati wa kupalilia. Kisha mvua zikazidi, mpunga ukalala majini na kuota ukiwa bado shambani. Hakubaki na cha kuuza wala cha kula. Magloire, aliyekuwa akichimba dhahabu Salamabila, alipotuma salamu kwamba kule mwanamke anayejua kupika hakosi kazi, Ernestine alifunga nguo zake. Victorine alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono.

"Wale wamama wa kutoka Kivu, usikule kwao," alimwambia. "Wanaweka karuho. Unakula leo, unacheka, halafu unakauka polepole kama kuni. Umuambie na mutoto wangu."

Karuho ni sumu ambayo Ernestine hakuwahi kuiona, wala hakuwahi kukutana na mtu aliyeiona. Lakini kila mtu kwao alimjua mtu aliyekufa nayo. Sasa alikuwa ameketi mbele ya sahani ya mwanamke wa Kivu, na mate yanamjaa mdomoni.

Nabintu aliona jinsi mgeni wake anavyoitazama ile sahani. Hakukasirika. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akachukua kijiko na kula maharagi upande huu wa sahani, kisha upande ule, kisha katikati. Akang'ata samaki mmoja, akamrudisha nusu.

"Batu ba Maniema," alisema, "munatuogopa, lakini njaa inabaleta kwetu. Angalia. Nimekula huku, na huku, na hapa katikati. Kama kuko karuho, tutakufa siye wawili, Magloire atatuzika. Kuya, mama, ukule."

Magloire alicheka mpaka akapaliwa. Ernestine aliona haya, na haya zikaisaidia njaa. Akamega bugali, akachovya.

Kwanza ulikuja utamu wa maharagi. Halafu kitu kama moshi. Halafu harufu ya samaki pasipo samaki kuonekana mchuzini. Mwisho kabisa, alipokuwa ameshameza, pilipili ikampanda kooni na kumtoka masikioni. Alifuta machozi, akamega tena.

"Umeweka nini humu?"

Nabintu alinyoosha mkono chini ya meza akatoa kopo la zamani la maziwa, kifuniko chake kimebonyea. Ndani kulikuwa na unga wa kahawia. Ni sambaza wa ziwa Kivu, alieleza, wale samaki wadogo, wamekaushwa na kusagwa kwenye jiwe pamoja na pilipili kavu na majani ya mti mmoja unaoota nyuma ya nyumba ya mama yake huko Walungu.

"Ile majani iko na jina mu Mashi, luga ya kwetu," alisema. "Mu Kiswahili sijui. Mama ananitumia kila mara anapata mutu wa kubeba. Bila hii, maharagi iko ya kujaza tumbo tu."

Ndivyo walivyojuana. Kesho yake Ernestine alirudi kuosha sahani, na keshokutwa akakabidhiwa moto wa pili. Nabintu alikuwa amekuja Salamabila na mumewe, mchimbaji kama wengine, na shimo likamfunika mumewe mwaka wa kwanza tu, wala mwili haukutolewa. Hakurudi kwao kwa sababu hakutaka kufika mikono mitupu kwa wakwe. Wajane wawili hawakuhitaji kuelezana mengi. Walifanya kazi tangu asubuhi hadi giza linapoingia, na katikati ya kazi walifundishana kula.

Nabintu alimfundisha kutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi. Walifukia ndizi shimoni zikaiva, wakazikamua kwa majani makavu mpaka mikono ikawauma, wakachuja, wakatia mtama uliokaangwa na kusagwa, wakaacha pipa lichemke lenyewe kwa uchachu wake. Kikombe cha kwanza Ernestine alikitema. Kwao walikunywa pombe ya mchikichi, nyeupe, tamu asubuhi na kali jioni, na hii ilikuwa na ukakasi wa kung'ang'ania meno. Kikombe cha tatu hakukitema. Jioni ile waliimba pamoja nyimbo za kanisani, kila mmoja kwa lugha ya kwao, wimbo mmoja na sauti moja, na wachimbaji wakawapigia makofi.

Ernestine naye alimpikia wali wa Kasongo, punje zinaachana, na sombe, majani ya muhogo, aliyoitwanga na kuipika na mawese mpaka mafuta yakaelea juu. Hilo Nabintu alilipenda upesi. Lakini siku Ernestine aliponunua viwavi vilivyokaushwa kutoka kwa mama mmoja wa Kilega na kuvimwaga kwenye kikaangio, Nabintu alitoka nje ya kibanda.

"Ile wadudu iko na manyoya!"

"Manyoya yameungua. Kuja uonje."

"Mama, miye niko Mushi. Siye tunakula ng'ombe, tunakunywa maziwa yake. Wadudu tunaachia kuku."

Ernestine alichukua kiwavi kimoja, akakitafuna nusu mbele ya macho ya rafiki yake, akamnyooshea nusu iliyobaki. Nabintu alifumba macho. Alitafuna kama mtu anayemeza dawa, kisha akatafuna polepole, kisha akafumbua jicho moja na kuuliza kama vipo vingine. Mzee Katembo, mfanyabiashara wa Butembo mwenye dépôt, stoo ya chumvi na sabuni, nyuma ya kibanda chao, alisikia kicheko akaja na birika lake. Yeye kila siku alichemsha kahawa ya milima ya kwao na tangawizi nyingi iliyopondwa, kali ya kumtoa mtu usingizini, na aliwanywesha wote bila kuulizwa. Siku ile waliketi watatu na viwavi na kahawa ya tangawizi, na Katembo akasema kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona meza ya namna hiyo.

Zilikuwa siku nzuri, na Ernestine alijua kwamba ni nzuri wakati zinapita. Watu wengi hawapati hilo.

Kisha mvua kubwa zikaja. Mashimo yalijaa, wachimbaji wakatoa maji kwa ndoo, na matope ya juu yote yakateremka kwenye kijito ambacho kila mtu alichotea maji ya kunywa. Watu maelfu walikuwa wakiishi mlimani pale bila vyoo vya maana. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu waliyaacha yatuame kwenye mabidoni ya plastiki, wakayanywa.

Asubuhi moja Clovis, aliyechimba shimo moja na Magloire, alikuja mbio kibandani.

"Mama Ernestine, Magloire anatapika tangu alfajiri. Hawezi kusimama."

Alimkuta amelala kwenye mkeka ndani ya kibanda chake, na mwanzoni hakumtambua. Kijana aliyekuwa na mabega ya kubeba gunia la mawe alikuwa amenywea. Macho yamezama. Ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Kilichokuwa kikimtoka, juu na chini, hakikuwa tena kitu alichokula. Kilikuwa maji meupe kama yale ya kuoshea mchele.

"Mama mudogo, nipe maji," alisema. Alimpa. Alikunywa, akayarudisha.

Walimkalisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, wakampeleka kituo cha afya. Kulikuwa na wengine sakafuni. Mwuguzi, jina lake Dominique, alikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitazama mara moja tu.

"Iko kolera. Sérum za kutundika zimeisha jana. Nimetuma watu, bado hawajarudi. Mumunyweshe maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, musiache."

Ernestine alimnywesha kwa kijiko. Kila kijiko kilirudi. Magloire aliacha kulalamika, na hilo lilimwogopesha kuliko kulalamika. Mara moja tu alifumbua macho vizuri, akamtazama.

"Usimuambie mama kama nililia."

"Hukulia," Ernestine alisema.

Jua lilipokuwa utosini alikuwa amekufa. Dominique alimfunika uso, akamuuliza Ernestine swali lake kwa upole: "Maji ya kunywa kule kwenu mulikuwa munatoa wapi?"

"Kijitoni. Kama watu wote."

"Muchemushe. Umuambie kila mutu achemushe."

Lakini nje, mlangoni, Clovis alikuwa akiuliza swali lingine, na aliwauliza watu wengine. "Jana jioni tulitoka kazini, yeye muzima. Akaenda kula. Alikula wapi?" Kila mtu alijua Magloire alikula wapi. Alikula kwa Nabintu kila siku, na alijisifia.

Nabintu alifika akihema, ameshika kitenge kipya ambacho hakijawahi kuvaliwa, cha kumfunikia marehemu. Alikuwa akilia kwa sauti, kama walivyolia kwao. Alimnyooshea Ernestine kile kitenge. Na hapo, bila kuitwa, picha ikamjia Ernestine: mkono wa Nabintu ukiingia kwenye kopo, vidole vikichota, unga ukianguka juu ya sahani ya Magloire. Maneno ya Victorine yakaja nyuma yake. Wazo lilikaa kwa muda wa pumzi moja. Lakini katika pumzi hiyo mkono wake ulifanya ulichofanya: ulipokea kitambaa kwenye ncha, kwa uangalifu, bila kugusa vidole vya mwenzake.

Nabintu aliona. Kilio chake kilikatika, akarudi nyuma hatua moja, akasimama kati ya watu kama mgeni.

Walimzika Magloire siku ileile, kwa sababu mwuguzi alikataza mwili kulala. Wachimbaji wengine wawili wa shimo lile walianza kutapika jioni. Asubuhi iliyofuata watu walikuja.

Ernestine alikuwa amekuja kibandani mapema. Hakuwa amelala, usiku kucha aliona haya kwa ule mkono wake, na alitaka kumwambia Nabintu. Hakupata nafasi. Nabintu alikuwa ameinama juu ya moto, hakumwitikia salamu vizuri, na kabla hawajasemezana, nje kukajaa watu. Clovis alikuwa mbele. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyelia, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika rafiki.

"Mama Ernestine, utoke hapo. Weye ni wa kwetu."

Hakutoka. Clovis aliingia, akainama chini ya meza kama mtu anayejua anachotafuta, akainuka na kopo.

"Hii ni nini?"

"Ni kiungo," Nabintu alisema. "Ni sambaza na pilipili. Unakikulaka kila siku, Clovis."

"Na nini tena?"

"Na majani ya kwetu."

"Majani gani?"

Nabintu alilitaja lile jina kwa Kimashi, kwa sababu hakuwa na jina lingine la kulitaja. Watu wa mbele walilirudia vibaya kwa watu wa nyuma, na wa nyuma wakaliharibu zaidi, na neno la mti unaoota nyuma ya nyumba ya mama likapita kwenye umati likawa jina la kitu cha kuua. Ernestine alilisikia likigeuka.

Clovis alimgeukia. "Mama Ernestine, weye ni mama yake Magloire hapa. Sema mbele ya watu. Ulimuona akimuwekea hii unga?"

"Nilimuona, anaweka mu chakula ya watu wote, hata ya..."

Walisikia neno la kwanza tu. Kelele iliyopanda ilifunika mengine. Ernestine alipiga kelele naye, hakuna aliyemsikia. Basi akamrukia Clovis, akamnyang'anya kopo, akatia mkono ndani na kujimiminia kinywani unga mkavu, konzi nzima. Pilipili ilimziba pumzi. Aliinama, akakohoa, kamasi na machozi vikimtoka, akameza, akachota tena.

"Muko munaona?" alisema sauti imekauka. "Nimekula! Nimekula kila siku! Niko hapa!"

Kwa kitambo kidogo umati ulinyamaza, na Ernestine akadhani ameshinda. Ndipo mwanamke mmoja, ambaye hakumjua hata kwa sura, akasema bila hasira, kama anayeeleza jambo la kawaida:

"Huyu ameshapewa dawa ya kujikinga. Hawezi kufa."

Jiwe la kwanza lilitoka nyuma, kwa mtu asiyeonekana. Lilimpata Nabintu juu ya sikio. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka. Mengine yalifuata. Ernestine alijitupa juu yake, akapigwa mgongoni na kwenye nyonga. Turubai likavutwa, nguzo zikaanguka, sufuria ya maharagi ikapinduka motoni na mvuke ukawafunika. Mvuke huo ndio uliowaokoa. Katembo alichana turubai kwa nyuma, akawavuta wote wawili hadi ndani ya dépôt yake na kufunga komeo. Kupitia nyufa za mbao Ernestine aliona watu waliosema chakula kile kina sumu wakibeba gunia la maharagi, na bidoni la mawese, na vikombe. Mmoja alichota kasiksi kwenye pipa akanywa palepale amesimama.

Katembo alimwita Pitchou, dereva wa pikipiki wa Kasongo ambaye ndiye aliyemleta Ernestine Salamabila. Barabara ya Kasongo ilikuwa na watu wa Clovis, kwa hiyo waliamua kwenda Kabambare, kwenye hospitali. Pitchou mbele, Ernestine nyuma, Nabintu katikati amefungwa kwao kwa kitenge ili asianguke. Sikioni mwake ilitoka damu nyembamba isiyokoma.

Njia ilikuwa tope. Mara nyingi Pitchou alishuka kusukuma, na Ernestine akabaki amemkumbatia rafiki yake juu ya pikipiki. Mahali pamoja, wakisubiri maji ya mto yapungue ili wavuke, Nabintu alisema waziwazi:

"Jana ulipokea kitambaa, ukaogopa mukono yangu."

"Ndiyo," Ernestine alisema. "Nisamehe."

Nabintu aliegemeza kichwa chake kwenye bega la Ernestine, na Ernestine hakuweza kujua kama hilo lilikuwa jibu au ni shingo tu iliyoishiwa nguvu. Baada ya hapo alizungumza Kimashi peke yake, na hakuna aliyemwelewa.

Kabambare daktari alimwangalia macho kwa tochi, akamtoa Ernestine nje na kumwambia kwamba damu inavujia ndani ya kichwa, na kwamba kule hawana chombo cha kufungulia kichwa. Ernestine aliomba moto kwa mama mmoja aliyeishi karibu na ukuta wa hospitali, akaomba na mchele, akapika uji laini wa kumlisha. Uji ulikaa mdomoni mwa Nabintu, ukateremka kwenye kidevu. Alijaribu tena na tena mpaka ukapoa. Asubuhi Nabintu akakata roho, na mkono wake ukiwa ndani ya mikono miwili ya Ernestine.

Yule mama wa mchele aliitwa Cadette. Alikuja na wanawake wengine watatu wa kanisa lake, hawakumjua marehemu, hawakuuliza kabila lake, wakaleta maji na majembe. Ernestine alimwosha mwenyewe. Baada ya maziko Cadette alimweka barazani kwake, akampa bakuli la majani yaliyopikwa na karanga na mbegu fulani chungu, chakula ambacho Ernestine hakuwahi kukiona maishani. Alikula chote. Hakuuliza kilichomo ndani. Hakusikia hata ladha.

Pitchou alimrudisha Kasongo, na kutoka Kasongo alitembea hadi kijijini. Habari ilikuwa imemtangulia. Victorine alikuwa ameketi chini uani, amenyolewa nywele, na hakuinuka.

"Kwa hiyo ulikuwa unakula kwake," alisema. "Miye nilikukataza, weye ukaenda kumusaidia kupika."

"Yaya, dada yangu, haikuwa sumu. Ilikuwa kolera. Mwuguzi aliniambia mwenyewe. Ni maji ya kile kijito. Katembo amenipigia simu jana, wanakufa mpaka leo, na watu ambao hawakukula kwa Nabintu hata siku moja."

"Maji! Tunakunywa maji tangu tumezaliwa."

"Ile maji ilikuwa chafu, yaya. Sisi wote tuliteka, miye pia niliteka. Nabintu hakufanya kitu. Wamemuua bure."

Victorine alimgeukia. Uso wake haukuwa na ukali, ulikuwa umechakaa.

"Kama ni maji," alisema, "miye nitamuchukia nani?"

Ernestine aliketi chini kando yake, mbali kidogo, na wakalia kila mmoja wa kwake, kwa sababu Victorine alimlilia mtoto, na Ernestine aliwalilia wawili. Alipoinuka kuwasha moto apike kitu cha jioni, dada yake alisema bila kumwangalia:

"Usinipikie."

Baada ya muda Katembo alimtumia namba ya simu. Aliipata kwa Washi wachache wa kabila la Nabintu waliobaki Salamabila. Wengine walikuwa wameshakimbia. Ilikuwa namba ya jirani wa mama yake Nabintu huko Walungu. Ernestine alipanda kilima ambapo mtandao hushika, akapiga, akaeleza, akasubiri. Alisikia kuku, mlango, watu wakiitana. Kisha ikaja sauti ya kizee.

Mama yule alikuwa ameshapata habari ya kifo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na alikitafuta neno moja baada ya jingine.

"Ni nani alimuosha?"

"Miye, mama."

"Weye ni ndugu yake?"

"Miye ni rafiki. Tulikuwa tunapika pamoja."

Pumzi ilisikika, nzito. "Alikufa na njaa?"

Ernestine alifikiria uji ulioteremka kwenye kidevu. Angeweza kudanganya, na pengine mtu mwingine angedanganya.

"Nilimupikia uji ya mchele. Hakuweza kumeza, mama. Lakini siku zote alikuwa anakula vizuri. Alikuwa anashiba, na alishibisha watu."

Mama alisema kitu kwa Kimashi kwa mtu aliyekuwa kando yake, na mtu huyo akaanza kulia. Yeye hakulia. "Aksanti ya kumuosha," alisema. "Mungu akulinde mikono." Simu ikakatika. Alipopiga tena haikushika.

Ernestine hakurudi Salamabila. Alilima tena shamba la Hippolyte, na mpunga wa msimu ule ulitoka vizuri. Yeye na Victorine hawakugombana. Wanasalimiana asubuhi, wanakopeshana jembe, wanakaa benchi moja kanisani. Siku ya kumbukumbu ya Magloire walivaa nguo za kitambaa kimoja. Lakini Victorine hali kitu kilichopita mikononi mwa mdogo wake, na Ernestine ameacha kumpelekea. Kila jioni, ndani ya ua mmoja, moshi unapanda kutoka majiko mawili.